Mlango Uliowekwa Mwisho

Mtaani walimwita Mama Ratiba, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyepanga ratiba ya vipindi shuleni, na alipostaafu akahamishia kazi nyumbani. Nguo zilifuliwa kwa zamu, vyombo vilioshwa kwa zamu, na mkwe wake, aliyeishi nao pamoja na binti yao, aliijua siku yake ya kufagia uwani kama anavyolijua jina lake. Aliyethubutu kumcheka usoni alikuwa mumewe peke yake. Huyo sasa alikuwa akitimiza mwezi wa pili hospitalini, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Daktari alipotaja kwamba ataruhusiwa Ijumaa ya wiki ya pili kutoka siku ile, mgonjwa hakuuliza habari za dawa wala za kidonda. Alimvuta mkewe mkono.

"Miezi miwili nasuguliwa mgongo na watoto wa watu," alisema. "Nikirudi kwangu, naoga mwenyewe. Sitaki mtu anishike. Kama haiwezekani, niambie mapema nibaki hukuhuku."

Mama Ratiba hakulia. Alipitia dukani akanunua daftari na tepu ya kupimia.

Mpango ulijaa kurasa tatu. Kwanza vigae vya zamani na beseni la kuogea vibomolewe. Kisha mabomba yapitishwe ndani ya ukuta, na swichi ya taa ishushwe mpaka pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika. Sakafu imwagwe upya kwa mteremko, ipakwe dawa ya kuzuia maji, iachwe siku mbili ikauke. Ndipo vije vigae, kisha vyuma vya kushikia ukutani, kisha benchi la kuogea. Mlango, uliokuwa na upana wa sentimeta sitini, ungepanuliwa mwisho kabisa.

Fundi wa vigae, ambaye wenzake walimwita Polepole, alisoma kurasa zote tatu akiwa amesimama.

"Mama, umepanga vizuri kuliko mainjinia," alisema. "Ila mlango huwa tunaanza nao. Ukija kuvunja ukuta mwishoni, unavunja na ulichojenga."

"Nyumba hii ina bafu moja, na ina mkwe," Mama Ratiba alijibu. "Jioni mkishaondoka tunaoga humo kwa ndoo. Unataka mimi nioge mlango wazi, mkwe wangu akipita ukumbini? Mlango unabaki mpaka siku ya mwisho."

Polepole alizikunja kurasa, akazitia mfukoni. Alikuwa na watoto wanne waliofundishwa na mama huyu, na tangu zamani alijua nani hushinda.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Mama Ratiba alikagua kila mstari wa vigae kwa pima maji, akamwaga maji sakafuni kuona yanakimbilia wapi, na mstari mmoja akaamuru ung'olewe. Fundi bomba alimaliza akaondoka bila kugombana na mtu, jambo ambalo lingeweza kuandikwa gazetini. Alhamisi asubuhi ulibaki mlango tu.

Polepole aligongagonga ukuta kushoto kwa fremu, kisha kulia, akashusha nyundo.

"Kushoto ni nguzo ya nyumba, haiguswi. Kulia ndiko tulikopitisha mabomba na waya wa swichi. Nikipiga tindo hapa, vyote vinakuja."

"Kuyahamisha ni siku ngapi?"

"Nne. Tano, kama hakuna la kuharibika."

Mama Ratiba alipima kiti cha magurudumu walichokwisha kukinunua: sentimeta sitini na sita. Akapima mlango: sitini. Akaupima tena, huenda tepu ingeona huruma. Alikuwa amejisitiri yeye, na mwenye bafu lake kamfungia nje. Alitamani amlaumu fundi, hata maneno akayapata, lakini aliyameza kwa sababu hayakuwa ya kweli.

"Fremu ina unene gani?" aliuliza mwishowe.

"Sita kila upande."

"Ing'oe."

"Mama, mlango utashikwa na nini?"

"Hautashikwa. Ing'oe yote, fundi."

Ijumaa mkwe alimsukuma baba mkwe wake mpaka mwisho wa ukumbi. Mzee alitazama vigae vipya, benchi, vyuma vinavyong'aa. Kisha akatazama tundu lililokuwa mlango, kingo zake zikiwa zimebanduka plasta.

"Mlango uko wapi?"

"Nilipanga vibaya," alisema mkewe. "Fundi aliniambia, nikamkatalia."

Katika miaka thelathini na sita ya ndoa, mume hakuwahi kuisikia sentensi hiyo. Angeweza kuifanyia sikukuu nzima. Lakini hakucheka, alikuwa akipima kwa macho nafasi iliyobaki kila upande wa magurudumu. Binti alikuja na shuka la kutundika, baba akalikataa, lingenasa kwenye magurudumu. Mkwe akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau dukani, tena kizito, cha kubebwa na watu wawili, akatoka na mkewe.

Mama Ratiba aliweka kiti ukumbini, akakaa akiligeuzia bafu mgongo.

Alisikia magurudumu yakipita, upande mmoja ukikwaruza kidogo. Alisikia breki za kiti, kisha pumzi ndefu ya mtu anayejinyanyua kwa mikono, kisha kimya ambacho kilimtosha kuhesabu vidole vyote mara mbili. Benchi likalia. Maji yakafunguka.

Kitu kikaanguka sakafuni. Akaruka wima.

"Sabuni hiyo," mumewe alisema kutoka ndani. "Kaa. Nakuambia tu, sikuiti."

Akakaa.