Mafuta Juu ya Karatasi ya Mtihani

Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyokaa siku tatu ndani ya kibuyu, wote tuliokulia juu ya vilima vya Karuba tunaijua. Ni nzito, ina uchachu kidogo, na ndani yake kuna moshi wa zile nyasi ambazo mama zetu walifukizia vibuyu ili maziwa yasiharibike upesi. Juma lililopita nilikuwa sokoni Sake, nikapita mbele ya mama mmoja aliyekuwa anafungua majani ya mgomba ili auze mafuta yake, na harufu ikanishika nikiwa tayari nimejaa hasira. Nikasimama katikati ya njia. Watu wakanipiga vikumbo, mimi nimesimama tu.

Hasira ilikuwa ya jana yake. Binti yangu, ambaye hajafikisha hata miaka minane, alirudi kutoka shule gauni limelowa. Walikuwa na mtihani wa hesabu. Alibanwa na haja ndogo, akabana miguu, akaogopa kuinua mkono, ikamtoka palepale juu ya banki, lile benchi la darasani, na wenzake wakamcheka. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba ruhusa, alinitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema ndani ya mtihani muntu hasemi, ni sharti.

Sharti hilo ninalijua. Nililiimba mimi, zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, na sasa nitawaeleza lilichonifanyia.

Mwalimu wetu pale Karuba aliitwa Mwalimu Yosefu. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na koti moja tu ambalo halikuvuliwa hata jua likichoma. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha juzi juzi, na habari zilikuwa zimefika kwamba misioni iliyo ng'ambo ya vilima viwili itafungua darasa la wasichana, watakaosoma hata wawe walimu. Wasichana kumi na wawili tu. Sisi tuliotaka kuingia tulikuwa zaidi ya hamsini, kutoka Karuba, kutoka Kibabi, hata wengine kutoka njia ya Walikale, waliotembea siku tatu na kufika na miguu iliyovimba.

Papa yangu hakukataa. Papa alikuwa mtu wa ng'ombe na wa sala, mwenye maneno machache. Alisema nitajaribu mara moja. Nikishindwa nitarudi kwenye ndama, na ile familia iliyokuwa imekwisha kuja kunywa pombe kwetu na kuniangalia nikipita na kibuyu, itapewa jibu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kijana wao nilimwona mara moja, alikuwa na meno mazuri, sina neno baya juu yake. Lakini sikutaka kuolewa. Tangu siku ile miguu yangu haikutulia tena. Nilikuwa nikikamua ng'ombe, nasimama, nakaa, nasimama, mpaka ng'ombe mwenyewe akachoka na kunipiga teke.

Mwalimu Yosefu alitufundisha masharti ya mtihani kwa wimbo, ili yasitutoke. Tuliyaimba tukienda mtoni, tuliyaimba tukipalilia maharage. Osha uso, kata kucha. Njoo na kalamu yako ya kuchovya na kitambaa cha kuifutia. Andika jina kwanza. Soma swali mara mbili kabla ya kujibu. Linalokushinda liruke, utalirudia. Usimtazame jirani. Usiiname chini ya banki. Usiseme. Halafu lile la mwisho, ambalo tuliliimba kwa sauti nzito kama tunazika mtu: karatasi chafu haisahihishwi.

Sitasema yote yalikuwa mabaya. Lile la kusoma swali mara mbili limenisaidia hata nje ya shule; ningelifuata siku za uchumba ningeepuka mambo kadhaa. Na kuruka linalokushinda ni akili tupu, mwambieni kila mtoto. Lakini uchunguzeni wimbo ule tena. Kila sharti linamwambia mtoto afanye nini ao asifanye nini. Hakuna hata moja linalomwambia afanye nini mambo yakimharibikia.

Siku ya mtihani tuliondoka jogoo wa kwanza alipowika, mimi na Mama. Papa alibaki na ng'ombe. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa uji, na tuliteleza vilima vyote viwili, Mama akiwa na kibuyu cha maziwa kichwani bila kukishika hata mara moja. Mimi nilikuwa nakimbia mbele, narudi, nakimbia tena. Mama akaniambia nikiendelea hivyo nitafika misioni mara tatu kabla yake kufika mara moja.

Karibu na misioni kuna kijito. Hapo Mama akanisimamisha, akaniogesha matope yote kana kwamba ni mtoto mchanga, maji baridi mpaka meno yakagongana. Halafu akatoa kwenye kitenge chake kibuyu kidogo cha mafuta.

Kwa watu wa ng'ombe, mtu hajaoga mpaka apakwe mafuta. Ngozi kavu ni ya mgonjwa ao ya mtu asiye na mama. Msichana anayekwenda mbele ya watu wa heshima anapakwa kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu, na wanaomtazama wanajua nyumba yake ina ng'ombe na ina mwanamke mwenye bidii. Mama alinipaka siku ile kama ananitoa kuolewa. Shingo, mikono, kila kidole peke yake, hata katikati ya vidole. Alichukua muda wake. Alikuwa anafurahi, nilimwona, na mimi nikang'aa kama kibuyu kipya.

Sote wawili hatukufikiri juu ya wino. Mama hakuwahi kushika kalamu. Mimi nilizoea kuandika kwa chaki juu ya kibao, na kalamu ya kuchovya nilikuwa nimeishika mara nne, siku za kazi za kawaida, ambapo hakuna anayepakwa mafuta.

Chumba cha mtihani kilikuwa na sakafu ya udongo na banki ndefu. Nje walikuwa wamepanga mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na wazazi waliambiwa wasiuvuke. Msimamizi alikuwa Masera mmoja, mtawa wa Kizungu, mrefu, aliyejua Kiswahili cha kuamuru. Mwalimu Yosefu na walimu wengine waliomba kusimama mlangoni, wakakubaliwa kwa sharti la kunyamaza. Masera akatugawia kila mmoja karatasi yake, nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Nikaandika jina kwanza, kama wimbo unavyosema. Konsolata. Ile K ikaandikika nusu. Nusu nyingine wino ulijikusanya kama matone ya maji juu ya jani la koligesi, yale magimbi yetu, halafu ukakimbilia pembeni. Nikajaribu tena. Mahali mkono wangu ulipokuwa umelala palikuwa pameota doa, na ndani ya doa niliona mistari ya ubao wa banki kwa chini, kana kwamba karatasi imegeuka dirisha.

Masera akaanza kusoma imla. Sentensi ya kwanza ikapita, kalamu yangu hewani. Nikafuta mikono kwenye gauni, na gauni lenyewe lilikuwa limekwisha kunywa mafuta ya magoti yangu. Nikafuta kwenye nywele, ikawa mbaya zaidi. Ndani ya kichwa changu wimbo unaimba peke yake, karatasi chafu haisahihishwi, karatasi chafu haisahihishwi, na sentensi ya pili inapita. Nikaona udongo chini. Udongo mkavu unakula mafuta, kila anayeosha vibuyu anajua hilo. Nikainama, nikaanza kusugua viganja kwenye sakafu kwa nguvu zote.

Jirani yangu wa banki, Venansia wa Kibabi, alishindwa kujizuia.

"Konso," akanong'ona, "unalima?"

Masera akageuka. Akaja, akanikuta nimeinama chini ya banki, viganja vyeusi, karatasi yenye madoa. Akauliza ninatafuta nini chini. Nikanyamaza. Akauliza mara ya pili, polepole, na sasa nadhani alikuwa kweli anataka kujua. Nikamtazama Mwalimu Yosefu mlangoni, aliyenijua tangu nikiwa sina meno ya mbele, aliyejua siibi hata maharage. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Usiseme, ulisema wimbo. Sikusema.

Masera akachukua karatasi yangu, akanionyesha mlango.

Nilivuka ule uwanja. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mawe na wamama wengine, wanasifia kimoja baada ya kingine vibuyu vyao. Akaniona, akasimama. Hakuuliza kwa nini nimetoka mapema. Alichukua mikono yangu, akaigeuza, akatazama lile tope la udongo na mafuta. Nikamwambia kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake:

"Ni mafuta yako, Mama. Wino inayakataa. Wamenifukuza."

Mama akaiachia mikono yangu. Halafu akavuka mawe.

Katekista aliyekuwa analinda akamwita, Mama wee, rudi, lakini Mama alikwisha kufika mlangoni, akampita Mwalimu Yosefu na koti lake, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Masera. Nilikuwa nimemfuata, nimesimama kizingitini nikitamani ardhi inimeze. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja tupu. Mama akaweka kiganja chake juu yake, akakibana, akakiondoa. Akaiinua karatasi mbele ya dirisha, na mkono wake wote ukaonekana hapo, vidole vitano, mwanga ukipita ndani yake.

"Masera, angalia," akasema kwa Kiswahili chake cha soko. "Kosa njo hii. Iko yangu. Haiko ya mutoto."

Darasa zima likacheka. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, na alikuwa ameharibu karatasi ya Masera. Nilitaka atoke. Nawaambia ukweli, saa ile sikuona mama anayenitetea, niliona mwanamke wa kilimani anayechekwa na wasichana wa Kibabi.

Masera aliitazama ile alama muda mrefu. Akafungua droo ya meza, akatoa karatasi mpya. Akanionyesha beseni na sabuni kwenye kona. Alisema tu kwamba muda hautaongezwa, na imla iliyopita imepita. Nikanawa mara tatu. Nikaandika sentensi zilizobaki, halafu nikaishambulia hesabu. Kulikuwa na swali la treni mbili zinazokutana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni. Nikasoma mara mbili, nikaziweka kuwa wachungaji wawili wanaotoka vilima viwili, nikapata jibu.

Njiani kurudi nilitembea mbele, Mama nyuma. Vilima vyote viwili sikumwambia neno. Yeye aliongea kidogo mwanzoni, juu ya mvua, kisha akaacha. Majuma matatu yaliyofuata nilikuwa siwezi kukaa wala kulala, na tulikula tukitazama moto. Jumapili majina yaliposomwa kanisani, langu lilikuwa la kumi na mbili. Papa alipiga makofi mara moja tu, akaona aibu, akaficha mikono. Mimi nilimkumbatia Papa.

Nikasoma. Nikawa mwalimu. Na mwaka wangu wa pili wa kazi, kabla ya kuolewa, nikaitwa kusimamia mtihani uleule, chumba kilekile, sakafu sasa ya saruji. Wakanipa ukurasa mmoja wa masharti, ule wa wasimamizi, uliozeeka na kukunjika, wa tangu mtihani wa kwanza. Nikausoma nimesimama. Mstari wa nne ulisema: mtoto akiharibu karatasi apewe nyingine, bila adhabu. Wa tano: mtoto akiwa na shida aulizwe, na aruhusiwe kujieleza ao kutoka.

Nilikaa chini. Nikamuuliza Masera mkuu kwa nini watoto hawasomewi mambo haya. Akajibu bila ubaya wowote kwamba wakijua, kila mmoja ataomba nyingine na karatasi zitatuishia.

Basi nikaelewa kitu ambacho msichana wa miaka kumi na tatu hakuweza kukielewa. Ukurasa ule ulikuwa ndani ya chumba siku ile. Masera alikuwa nao. Mwalimu Yosefu, aliyewahi kusimamia mitihani mingine, aliyajua masharti hayo na akatazama viatu. Wote walijua kusoma. Ni Mama peke yake, asiyeweza kutofautisha a na o, aliyeingia na matope yake na kufanya kilichoandikwa mstari wa nne na wa tano, akalipia kwa kuchekwa, nami nikamwadhibu kwa vilima viwili vya ukimya.

Siku hiyo ya kusimamia sikugawa karatasi kwanza. Niliwasomea watoto ukurasa wa wasimamizi, wote, kwa sauti, kwa Kiswahili chetu. Kabla sijafika mwisho, mkono mmoja ulikuwa umekwisha kuinuka nyuma kabisa.