Jina Lililobaki Mdomoni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Iringa nilikuwa na mdomo, sikudanganyi, nikiita mbuzi wetu nyumbani, mbuzi wa Chunya nao wanageuka. Mdomo huo niliurithi kwa Bibi, mama yake baba. Yeye akianza kuongea asubuhi, hata jogoo anaona bora anyamaze.

Siku moja Bibi akaanguka kwenye shamba la maharage. Alipozinduka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama wa kuazima. Na maneno yamekwisha. Ila si yote, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Ukimwambia "Kamwene," anakujibu "Kamwene," halafu anaendelea mwenyewe, mmeamkaje, watoto je, ng'ombe je, mahindi je, maana salamu ya kwetu ni ndefu kama barabara ya Mbeya. Salamu Maria anaisali yote. Kuku akiingia ndani anamtukana tusi lile lile la miaka yote. Lakini maji ya kunywa hawezi kuomba. Anatazama mtungi tu, machozi yanamtoka. Wageni wakishasalimiwa wanarudi kwao wanasema, yule bibi mzima, anadeka tu.

Kulikuwa na neno lingine limebaki: "Mama Otilia." Otilia ni mimi, kwa hiyo huyo ni mama yangu. Kutwa nzima, Mama Otilia, Mama Otilia.

Sasa wazee wa pale kwetu waliamini ulimi unaweza kufungwa na mtu, na aliyefungwa anabaki na jina la aliyemfunga. Mama yangu mwenyewe Msangu, mtu wa kuja kutoka Rujewa. Baba Mdogo, mdogo wake baba, akasema, "Mnataka amtaje mpaka lini?" Baba akawa anatazama miguu yake. Ikaamuliwa mama arudishwe kwao, sisi watoto tubaki.

Siku ya kuondoka watu wakajaa, na pombe ya ulanzi ya kuzamisha ng'ombe. Mama amekaa mlangoni na mzigo wake. Baba Mdogo akamwinamia Bibi. "Mama, aliyekufunga ulimi ni huyu?"

Bibi akasema, "Ndiyo."

Watu wakaguna. Mimi nikapenya katikati yao, nikamshika Bibi goti. Kelele niliyopiga, nyuki walihama mizinga yao.

"Bibi, ni Baba Mdogo amekufunga?"

"Ndiyo."

"Ni padri?"

"Ndiyo."

"Ni huyu kuku?"

"Ndiyo," anasema, huku anatikisa kichwa kukataa, na machozi yanamtoka.

"Mtoto huyu hana adabu," akasema Baba Mdogo.

"Adabu ninayo. Sema wewe, tukufukuze pamoja na kuku?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikiingia kwenye shauri, shauri limekufa. Baba akainua macho. "Mama Otilia," akasema, "fungua mzigo. Mama ana kiu."

Mama akachota maji, akamnywesha. Wazee wakaondoka wanabishana. Kama ulimi umefungwa, unasalije? Kama haujafungwa, kwa nini hauombi maji?

Shule niliishia darasa la nne. Wanaosema la tatu wana wivu. Juzi hospitali kule Mbeya daktari, kijana mdogo, nilipomsimulia habari za Bibi akanieleza. Maneno mapya, anasema, kichwa kinayapika kila siku mahali pake. Salamu, sala, matusi, jina unaloliita kila saa, hayo yameshapikwa zamani, yamewekwa pembeni. Kiharusi kikizima jiko, kiporo kinabaki. Nilimwelewa kabisa. Kufika stendi nikaacha kumwelewa. Jina lile lilikuwa kiporo tu, au Bibi alikuwa anamwita mtu kweli?

Kama alikuwa anaita kweli, nilishamuuliza mama zamani, kabla hajafa. Akasema, "Alikuwa ananiita. Na mimi nilikuwa naitika."

Siku hizi najisikiliza. Kutwa mdomoni kwangu ni Neema, mke wa mwanangu. Neema, chumvi iko wapi. Neema, nani amekalia kiti changu. Basi nawaambia mapema, jiko likiwa bado linawaka: nikianguka nikabaki na jina hilo, msimfukuze mtu. Mwambieni aje na maji.