Kurudishwa Darasa la Pili

Stendi ya Lindi, kitu cha kwanza nilichokitambua kilikuwa ming'oko. Mama mmoja alikuwa amekaa chini na beseni lake, ile mizizi myembamba imeshachemshwa na kupangwa mafungu, chumvi na pilipili pembeni. Kwetu, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, tunaichimba porini na kuila vivyo hivyo. Nikanunua, nikawagawia watoto, nikamwambia mume wangu kwamba hiyo nchi ya ugenini mbona siioni. Akacheka. Mwanangu wa kiume, ambaye alikuwa hajaanza shule, alimaliza fungu lake na kuniomba langu. Binti yangu alilishika lake mkononi bila kulionja mpaka basi likaondoka.

Mume wangu ni mtu wa Kiranjeranje, wilaya ya Kilwa. Alikuja kwetu akiwa kijana, akiuza vitenge na vyombo vya plastiki, akanioa, akakaa. Watoto wote wawili walizaliwa kule. Kisha baba yake akapooza upande wa kulia, mikorosho ikawa haina mtu, maana dada zake wote wameolewa mbali. Simu zikaanza kuja. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama ningekubali kuhama, nami nikakubali kabla hajamaliza kuuliza. Biashara yetu ilikuwa imedorora, na nilikuwa nimechoka kuamka kila siku kwenye barabara ileile. Nilitamani kuanza upya, sehemu ambayo hakuna anayejua jana yangu.

Mama yangu hakupinga. Alichosema ni neno moja tu, tukiwa tunafunga mizigo.

"Huyu mkubwa niachieni amalize shule. Huko mnakokwenda hawasomi Kireno."

Nilimjibu kwamba mtoto wa kike hukaa na mama yake. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, na wala hatukumuuliza. Alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la tano, na mwalimu wake alizoea kumtoa mbele asome pale wageni walipotembelea shule. Mama yangu aliendelea kutufungia samaki wakavu wa njiani.

Kiranjeranje ilinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mama mkwe alitoka uani, mikono ina unga wa muhogo, akanikumbatia na unga wake. Watoto walisimama kimya mbele yake mpaka baba yao alipowaambia waseme shikamoo. Kwetu kule mtoto humpa mkubwa mkono na kuinamisha kichwa, basi wakafanya yote kwa pamoja: mkono, kichwa na shikamoo, na majirani waliokuja kutupokea wakacheka kwa furaha. Ilichukua siku nyingi mwanangu wa kiume kuacha kusema shikamoo hata kwa watoto wenzake.

Mimi Kiswahili nilikuwa nacho. Nilikipata utotoni kwa wafanyabiashara na redioni, na mume wangu alikinyoosha. Kimwani, lugha yetu ya nyumbani, ni ndugu yake. Mtu akikisikia haraka haraka hudhani ni Kiswahili kilichopinda. Kimakonde nacho nakijua kwa upande wa baba, na katika nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mama wa Kimakonde aliyefurahi kupata mtu wa kuongea naye. Haikupita miezi mingi nikawa na shoga, na sehemu yangu ya kukaa kwenye shughuli. Tukienda kuokota korosho, wanawake waliniita niwe karibu yao kwa sababu nilikuwa na habari mpya. Nilinenepa. Nilikuwa nalala usingizi mzito.

Binti yangu yeye nilimpeleka shule mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa heshima, hakutuharakisha. Alimpa kitabu cha darasa la tano, akamwambia asome. Binti yangu akasimama wima kama alivyofundishwa na kuanza kusoma kwa sauti. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kireno. Kule herufi ya h hukaa kimya, basi "hapa" ikawa "apa". Penye "chakula" akasoma "shakula". Mwalimu alimwacha amalize ukurasa mzima. Kisha akampa chaki aandike ubaoni neno "shule", naye akaliandika kwa x, bila wasiwasi wowote, kwa mwandiko mzuri ajabu.

Hesabu zake zilikuwa safi, na mwalimu alilisema hilo mara mbili ili anipoze. Lakini mitihani ni ya Kiswahili, alinieleza, na mtoto asiyejua kuandika lugha ya darasani ataumia. Akashauri aanzie darasa la pili, halafu wamvushe kadiri atakavyoweza. Niliona lina maana. Nilishukuru. Sikumtazama mtoto usoni mpaka tulipofika barabarani.

Hapo ndipo aliponiuliza, kwa Kimwani, "Mama, kule nilikuwa na akili. Sasa zimekwenda wapi?"

Nilimwambia akili anazo, ni lugha tu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia chochote. Kila asubuhi alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe akaenda kukaa dawati moja na watoto wa miaka saba na minane, magoti yake yakigonga mbao. Wakampa jina, Shakula. Hawakuwa watoto wabaya. Wengine walimpenda, wakamkimbilia awafunge vifungo na kuwachongea penseli, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi ya lile jina.

Siku moja nilikuwa natoka gulioni na shoga yangu na wanawake wengine wawili. Mmoja alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyomfukuza mbuzi wa jirani, akaishia kumfukuza wa kwao. Tulikuwa tunacheka hadi tunasimama. Tukapita kando ya uwanja wa shule. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanafagia, na katikati yao, mrefu kuliko wote, alikuwa binti yangu na ufagio wa chelewa. Aliinua macho akanitazama nikicheka. Sikupata hata nafasi ya kuufunga mdomo. Akainama, akaendelea kufagia.

Jioni, tukichambua kisamvu, alisema bila hasira, "Mama, wewe umeshafika. Mimi bado niko njiani."

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni dawa. Nilipiga marufuku Kimwani na Kireno nyumbani kwetu. Ni Kiswahili tu, kuanzia kuamka hadi kulala, ili azoee haraka. Mume wangu alisema mtoto hana ugonjwa, nimwache. Sikumsikiliza. Nilikuwa nataka sana aliyonyang'anywa yarudi upesi, ili moyo wangu upoe. Binti yangu alitii kwa kutozungumza. Alijibu ndiyo, hapana, nimeshiba. Aliyefuata amri yangu kwa raha alikuwa mdogo wake, ambaye alicheza na watoto wa jirani kutwa nzima na kuokota kila neno.

Kila Ijumaa tulimpigia simu mama yangu. Ijumaa moja nilimpa mdogo simu amsalimie bibi yake. Akamsalimia kwa Kiswahili kilichonyooka, akamwambia kuhusu mabibo ya mikorosho aliyokula na shati lililoingia madoa. Mama yangu akamuuliza kitu kwa Kimwani. Mtoto akanigeukia.

"Bibi anasemaje?"

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, mama yangu akalisikia swali lile. Akacheka kidogo. "Huyu anaongea kama mtu wa redioni," alisema. Halafu akamwomba mkubwa.

Binti yangu alichukua simu akatoka nayo nje. Nilimfuata hadi nyuma ya jiko, nikasimama pale kama mwizi. Alikuwa anaongea Kimwani kwa haraka, sentensi zinapandana, akimsimulia bibi yake habari za mwalimu anayepiga chafya na kuku aliyeingia darasani. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tulipovuka Ruvuma. Nilirudi ndani kabla hajanigundua, na kesho yake nilimwambia kila mtu kwamba nyumbani kwetu aongee anavyotaka. Sikueleza kwa nini. Mdogo wake alikuwa ameshasahau mengi, na ingawa tulijaribu kumrudisha, Kimwani chake mpaka leo ni cha kusalimia na kuagana tu.

Aliyemvusha binti yangu hakuwa mimi. Alikuwa babu yake, ambaye ndiye sababu ya sisi kuhama.

Mzee alikuwa anaanza kupata nafuu. Mguu ulikubali kidogo kwa fimbo, lakini mdomo ulikuwa bado mzito. Alijua anachotaka kusema, ila maneno yalitoka nusu. Yeye aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa kijiji alikuwa akiomba maji na kupewa shuka. Watu walikuwa wanamaliza sentensi zake kwa niaba yake, nami nikiwa mmoja wao, na alikuwa anachukia. Binti yangu hakuwa na Kiswahili cha kutosha kumalizia sentensi ya mtu yeyote. Akimpelekea chai kibarazani, alikuwa anamsubiri mpaka amalize.

Sijui ni siku gani alianza kumsomea kitabu chake cha darasa la pili. Mimi niliwakuta tu. Mtoto anasoma taratibu, kidole kwenye mstari, mzee amefumba macho. Penye kosa, mzee ananyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, na mtoto anarudia. Neno lilikuwa "hapana". Mtoto akasema "apana". Mkono ukanyanyuka. Mzee akafungua mdomo amwonyeshe, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na kilichotoka kilikuwa "apana". Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko chake cha upande mmoja, na mtoto akamfuata. Wakarudia wote wawili neno lile, mmoja baada ya mwingine, mpaka h ya mtoto ikatoka. Ya mzee ilikuja baada ya msimu wa korosho.

Kutoka hapo wakawa na saa zao, baada ya sala ya alasiri. Walimaliza kitabu kile wakaingia cha darasa la tatu. Mume wangu alisema mzee anaongea vizuri zaidi akiwa na mjukuu kuliko akiwa na watu wa hospitali. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alimvusha binti yangu hadi la nne, na hakuna aliyemwita Shakula tena, isipokuwa babu yake, ambaye aliliomba jina lile kama zawadi na akapewa.

Mzee alifariki binti yangu akiwa darasa la sita, mrefu kuliko mwalimu wake wa kike. Alikwenda kwa utulivu, maneno yake yote amerudishiwa. Siku ya arobaini ndugu walijaa. Baada ya dua na pilau, tukiwa uani tunaosha masufuria, shangazi mmoja wa mume wangu, aliyetoka Lindi mjini, aliniuliza kama sasa tutarudi Msumbiji, kwa kuwa tuliyemfuata ameondoka. Nilimjibu kwamba tumeshazoea, na kwamba kwa vyovyote tulihama kwa ajili ya watoto, wapate maisha mazuri. Nililisema kirahisi tu. Nafikiri nilikuwa nimeshawaambia watu wengi hivyo, hadi nikaanza kuamini.

Binti yangu alikuwa anasuuza sahani karibu yangu. Alingoja mpaka shangazi akaingia ndani.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Sina kinyongo. Babu nilimpata hapa, nisingempata kwingine. Lakini usiseme ilikuwa kwa ajili yangu."

Nilitaka kumwambia habari za biashara iliyodorora, za baba yake, za jinsi nilivyokuwa siwezi kumwacha yeye kwa bibi yake. Yote yalikuwa sababu zangu mimi. Nikamwambia, "Sitasema tena."

Akaniinamishia kichwa kidogo kuonyesha amesikia, akachukua sahani safi, akaenda kuzipanga. Sasa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba, mkubwa kuliko wenzake wote darasani, na jioni hurekebisha haya ninayoyaandika kuhusu kuhama kwetu. Hapa pia amerekebisha. Nilipoandika kwamba shuleni hakuwa na raha, alikata, akaniambia niandike kile nilichokiona kwa macho yangu tu, kwa sababu yaliyobaki siyajui.