Aliyeingia Kati Yangu na Elia

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana, sijaonja hata tone la pombe ya mbege, na aliyepotea ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Miaka ile ya Ujamaa, shamba la mzungu mmoja upande wa magharibi wa Kilimanjaro lilikuwa limechukuliwa na serikali. Mwenyewe aliondoka, farasi wake wakabaki. Mimi na mdogo wangu huyo, Elia, tulitoka kwetu Old Moshi tukapata kazi pale, kuswaga ng'ombe kwa farasi. Aliyetufundisha ni Mzee Lazaro, mtu wa Singida, mkali kama pilipili.

"Acheni nafasi!" ndiyo ilikuwa salamu yake. "Kati ya pua ya farasi wako na mkia wa mwenzako, farasi mzima aweze kusimama. Ukimbana wa mbele, utapigwa teke. Na mkivuka maji, msubirini wa mwisho. Farasi akiona ameachwa anapata wazimu."

Tulimtii, wala sikumbuki siku tuliyovunja sheria ile.

Siku hiyo tulikuwa tumewaacha ng'ombe malisho ya juu, tunarudi kwenye njia nyembamba ya msituni. Mzee mbele, mimi katikati, Elia nyuma. Mara ukungu ukatushukia, ule mzito unaolowesha kope. Nikawa nauona mkia wa farasi wa Mzee kwa shida.

"Nafasi ni ile ile!" Mzee alipiga kelele. "Msibanane kwa woga!"

Hatukwenda mbali nikasikia farasi akihema nyuma yangu, karibu mno.

"Elia, rudi nyuma! Utapigwa teke!"

"Niko mbali, kaka," sauti yake ikatoka huko nyuma kabisa. "Hata sikuoni."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Niligeuka.

Palikuwa na farasi wa rangi ya majivu yaliyolowa, pua yake karibu iguse farasi wangu. Juu yake mwanamume mwenye koti refu. Uso wake niliuona, na heri ningeona pembe au macho ya moto. Ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mtu aliyechoka. Farasi wangu hakurusha teke. Alitetemeka mwili mzima.

Yule mtu akaniuliza, kwa Kichagga cha kwetu hasa, ambacho pale shambani tulikizungumza mimi na Elia peke yetu: "Nafasi hii ni ya nani?"

"Ni ya mdogo wangu," nikajibu.

"Ahsante," akasema. Akavuta hatamu, akarudi nyuma taratibu, ukungu ukammeza.

Nikamwita Elia. Nikaita tena mpaka sauti ikakauka. Njia ilikuwa nyembamba, farasi hawezi kugeuka, tukateremka hadi kijitoni, tukavuka, tukasubiri wa mwisho.

Farasi wa Elia akatokea akitembea kwa utulivu. Akavuka maji, akaja kusimama nyuma ya wangu, akaacha nafasi yake kama alivyofundishwa. Tandiko lilikuwa tupu. Nililigusa. Lilikuwa bado na joto la mtu.

Tulitafuta na watu wa shamba, askari, na wawindaji na mbwa wao. Hatukupata kiatu wala damu. Mzee Lazaro aliacha kazi, akarudi kwao bila kuniaga.

Nilipomweleza mama, hakulia. Aliuliza tu, "Alikuwa amevaa sweta?"

Nikamwambia ndiyo. Kusema kweli, sikumbuki.

Kihambani kwetu, kwenye migomba tunakozikana, Elia hana kaburi. Padre alitutaka tumwombee, lakini tulipomuuliza tumwombee kama mzima au kama marehemu, aliinamisha kichwa. Mama alingoja mpaka akafa akingoja. Watu huniambia nisijilaumu, kwani nilisema kweli. Najua. Ningekuwa nimekosea, walau ningekuwa na kitu cha kutubu.

Nawe ukipita misitu ile na wenzako, kwa farasi, kwa punda au kwa miguu, acheni nafasi kama ilivyo adabu ya njia, lakini muitane kwa majina, tena na tena. Na usiyemjua akikuuliza nafasi iliyo nyuma yako ni ya nani, niamini, funga mdomo. Mimi niliulizwa kwa adabu, nikajibu kwa adabu, na sina mdogo tena.