Hakuna Aliyerudi Kumuuliza Tabitha

Ile Jumamosi ya Kitale haijanitoka kichwani, mwanangu, na ujumbe ulionitumia jana kwa simu umeirudisha yote pamoja na hasira zake. Sijakujibu kwa sababu ningekujibu vibaya. Nimeona heri nikuandikie kwa kalamu, maana kalamu hunipunguza mbio. Keti usome mpaka mwisho, na usinirukie mistari kama mlivyozoea ninyi watu wa simu.

Nilikuwa mwalimu kijana wa michezo wakati huo, kichwa changu kikiwa cheusi chote, nafundisha shule moja nje kidogo ya Kitale na kusomea diploma ya elimu ya viungo kila likizo. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili ambapo mtandao ulikuwa unaufuata mjini. Unakaa kwenye benchi ndani ya saiba, kile chumba cha kompyuta za kulipia, unafungua ukurasa mmoja, na kabla haujafunguka mtu amemaliza chai na mandazi.

Asubuhi hiyo nilipita karibu na uwanja nikakuta umati wa watu wazima wamevaa fulana nyeupe, wanaruka na kupiga makofi. Mbele yao alisimama bwana mmoja mwenye kipaza sauti, aliyeitwa Profesa. Uprofesa wake aliupata wapi mimi sijui hadi leo. Alikuwa na klabu ya afya, na baada ya mazoezi aliuza unga wa mitishamba kutoka kwenye sanduku. Na katikati ya wale warukaji nikamwona Senge Anjelina, dada ya baba yangu, aliyetoka kwake Bokoli alfajiri ili asikose.

Nilifurahi, sitakuficha. Senge alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, anajidunga sindano kila siku, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimsihi afanye mazoezi. Nikamwendea nikicheka. Amekonda, nguo zinamning'inia, na mkononi ana mtungi wa maji wa lita tano.

"Baba, umeniona?" akasema, kwa maana ndivyo alivyoniita. "Mwili imekuwa nyepesi! Na sindano nimewacha."

"Umewacha? Nani amekwambia uwache?"

"Si utafiti imesema. Wewe ndio umesoma, soma mwenyewe."

Akanipa karatasi iliyokunjwa. Juu, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba utafiti umethibitisha. Chini yake kulikuwa na picha ya mama amefunga kitambaa kichwani, amesimama kwenye mteremko wa shamba la vitunguu, anacheka meno yote nje. Huyo, karatasi ilisema, ni Tabitha wa Kapsokwony. Alitupa sindano zake, akanywa unga wa Profesa, akawa anakimbia kila asubuhi kabla ya kula, na sasa anapanda Mlima Elgon kama msichana. Mwisho wa utafiti. Aliyempima hakutajwa. Mgonjwa mwenzake hata mmoja hakutajwa.

Nikamfuata Profesa nikamuuliza utafiti huo ulifanywa na nani. Akanitazama kuanzia viatu.

"Mwalimu, ingia kwa mtandao uangalie, imejaa huko. Ama hiyo diploma yenu hawafundishi kompyuta?"

Watu wakaangua kicheko, na Senge akacheka nao. Mwanangu, hilo liliniuma kuliko matusi.

Kisha Senge akaniambia habari iliyonikata maini. Jumapili ya wiki iliyofuata angesimama kanisani Bokoli kutoa ushuhuda wa kupona kwake. Na unajua ushuhuda kwetu ulivyo. Mtu akishasema "Bwana asifiwe" na kueleza aliyotendewa, tunapiga makofi, tunaimba, tunamkumbatia. Hakuna anayeinua mkono kuuliza swali. Ukiuliza umemtukana yeye, na pengine umemtukana hata Mungu. Mimi nimekulia humo na naipenda desturi hiyo, lakini Profesa aliijua vizuri kutuzidi. Alijua kwamba Senge akisimama, wagonjwa wote wa sukari wa Bokoli watatupa sindano wiki hiyo hiyo.

Basi nikaingia saiba. Nikatafuta, nikaona kurasa nyingi, zote zinasema lile lile. Nikazichapisha rundo zima. Nikaanza hata kujiuliza kama labda mimi ndiye mjinga. Nikazibeba mpaka Bungoma kwa Mama Zuhura, muuguzi wa kliniki ya sukari, aliyeishi nyuma ya msikiti na aliyemtibu Senge tangu mwanzo. Nilidhani atanisifu kwa bidii yangu.

Alizitandaza mezani kando ya kikombe chake cha chai, akavaa miwani, akazipitia moja moja.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni Tabitha wa Kapsokwony."

"Na hapa?"

"Ni yeye."

"Na hapa ni yeye tena. Na maneno ni yale yale, hata mahali pa kupumua ni pale pale. Mwalimu, umeniletea mdomo mmoja umeupiga kopi." Akavua miwani, na sauti yake ikapanda mpaka majirani wakasikia. "Nyinyi mliosoma ndio mnaniulia wagonjwa! Yule wa shambani akidanganywa namwelewa. Wewe unajua kusoma, halafu unahesabu karatasi badala ya kuuliza imetoka wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini hakunifukuza. Alitoa jarida la madaktari alilokuwa amelisoma mpaka likachakaa, akaniambia nisome kwa sauti. Waliandika majina yao na mahali wanapofanya kazi. Waliandika ni watu wangapi walianza, wangapi waliacha njiani, wangapi walizidiwa, na wangapi walikufa. Mwishoni waliandika yale ambayo hawakuyajua.

"Umeona? Watu wa ukweli wanaandika hata aibu yao," akasema. "Sasa kwa hii karatasi ya Profesa, wapi walioshindwa? Na huyu Tabitha, baada ya kupigwa picha, nani alirudi kumuuliza hali?"

Akaniuliza kama Senge amekonda. Nikasema ndiyo, na kila mtu anamsifu. Akauliza kama anakunywa maji mengi, nikaukumbuka ule mtungi. Mama Zuhura akaweka kikombe chini.

"Huko si kupona, ni kuisha. Mimi nawaambia wagonjwa wangu watembee kila siku, mazoezi ni mazuri mno, lakini na dawa yao na chakula chao, na wapimwe. Mlete hapa leo."

Nikashuka Bokoli. Senge akakataa katakata. Ati Zuhura anamwonea wivu Profesa, ati mimi nimeaibishwa uwanjani na sasa nataka kulipiza. "Kama Tabitha amepona na anapanda mlima," akasema, "mimi nitashindwaje?" Nilimbembeleza siku nyingine zote za wiki hiyo na nikaambulia patupu. Nikaona hakuna mtu duniani atakayemgeuza isipokuwa Tabitha mwenyewe. Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo ushuhuda, nikaazima pikipiki ya mwalimu mwenzangu nikapanda Kapsokwony.

Sokoni nilimwonyesha mama mmoja muuza kabichi ile karatasi. Akaitazama, akawaita wenzake, wakaitazama wote, na hakuna aliyecheka. Wakanielekeza kwa mumewe, Mzee Ndiema, juu ya kilima, mahali ambapo pikipiki ilinishinda nikaisukuma.

Mzee alikuwa anapalilia vitunguu. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya ile picha, polepole.

"Walipiga hapa tu," akasema. "Hapo kwa hiyo laini ya vitunguu."

"Naweza kumwona mama?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi, na nyasi zilikuwa zimeshalifunika.

"Siku hiyo alikuwa anaskia vizuri kweli," mzee akasema. "Hakudanganya mtu. Alisema vile alikuwa anaskia siku hiyo. Baadaye akaanza kutapika, anashinda analala. Tukamteremsha hospitali, lakini tulikuwa tumechelewa. Huyo Profesa alikuja kupiga picha. Kwa matanga hakukuja. Hakuna mtu alirudi kuuliza, hata mmoja. Mimi sikujua bado anatembea kwa karatasi."

Mwanangu, nilitukana. Nilitukana matusi ambayo sitayaandika hapa, mbele ya mzee wa watu na mbele ya kaburi, na machozi yananitoka kwa hasira. Mzee Ndiema akaningoja mpaka nikamweleza yote ya Senge na pumzi zikaniishia.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Nipeleke kwa huyo shangazi yako."

Jumapili tulikuta kanisa limejaa. Profesa alikaa mstari wa mbele, sanduku lake miguuni. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Senge akainuka, na wamama wawili wakamshika mikono kwa sababu hakuweza kusimama peke yake. Midomo yake ilikuwa imekauka. Watu wakalia kwa furaha, ati ni upako wa Roho.

"Bwana asifiwe," akasema Senge.

"Amina!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kelele. Mzee Ndiema akanikamata goti, akasimama yeye, kofia mkononi, na karatasi ameinyoosha juu watu waione.

"Bwana asifiwe tena. Mimi si wa hapa, natoka Kapsokwony. Naomba mama anisamehe nikimkatiza, lakini na mimi niko na ushuhuda." Sauti yake haikutetemeka. "Huyu wa kwa picha ni bibi yangu. Mimi ndio nilimzika."

Mchungaji akajaribu kuanzisha wimbo, wala hakuna aliyeudaka. Senge akaitazama karatasi, akamtazama mzee.

"Alikufa na nini, mzee wangu?"

"Na sukari, mama."

Senge akaketi. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Baba," akasema, "hiyo pikipiki iko na mafuta?"

Nilimfunga mgongoni kwangu kwa leso za wamama wa kanisa, nikamfikisha Bungoma. Mama Zuhura alimgombeza huku anamtundikia maji, na sijui ni lipi lililomponya zaidi. Kidonda alichokipata mguuni kwa kukimbia na viatu vibovu, ambacho hakuwahi hata kukihisi, kilimpotezea vidole viwili. Lakini aliishi. Aliishi miaka mingi, akitembea kila asubuhi na viatu vizuri na sindano yake ameshajidunga, na kila redio iliposema utafiti umeonyesha, aliifokea redio: "Mlirudi kuwauliza?"

Profesa aliondoka kwa mlango wa nyuma na sanduku lake. Baadaye nikasikia yuko mji mwingine, na fulana ni zile zile nyeupe. Hakuna aliyemshika. Hilo linanichoma mpaka leo, wala sitasema limepoa.

Sasa nakuja kwako. Umeniambia ujumbe ule utautumia kwa kazi yako ya chuo kuhusu mazoezi na afya, na kwamba umeshautuma kwa jamaa wote, na kwa rafiki zako, "wafaidike". Fungua tena simu yako, mwanangu. Itazame ile picha vizuri. Unga umebadilishwa jina, na mlima sasa wanauita kwa jina jingine, lakini kile kitambaa cha kichwa ni kile, na nyuma yake ni ile laini ya vitunguu. Huyo ni Tabitha. Alizikwa kabla hujazaliwa, nawe jana umempandisha mlima tena.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiletewa neno la afya, usihesabu walioliandika, tafuta aliyelianzisha. Muulize aliwapima nani na kwa muda gani, na kama kuna mtu mwingine, asiye na chochote cha kuuza, aliyepima akaona vile vile. Pale chuoni mna maktaba na mwenye maktaba, mwendee akuonyeshe majarida ya wataalamu, naye atafurahi maana nyinyi hamumwendei. Soma mpaka mwisho, mpaka pale wanapokiri walichoshindwa kukijua, na ukikuta karatasi ambayo ndani yake kila mtu amepona, itupe. Ushuhuda wa mtu uheshimu na umkumbatie, ila usiugeuze kuwa dawa ya mwingine. Mgonjwa yeyote akitaka kuacha dawa, mpeleke kwanza kwa anayemtibu. Na kabla hujala leo, waandikie wote uliowatumia ujumbe ule, mmoja mmoja, uwaambie mama huyo alikufa na nini.

Ukishafanya hivyo nipigie, tutaongea vizuri, hasira zangu zitakuwa zimeshuka. Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho ya kusoma na mdomo usioogopa kuuliza. Akupe miguu ya kurudi nyumbani kwa mtu baada ya picha kupigwa, siku ambayo hakuna mwingine anayerudi.