Mzee Mikono na Redio Mpya

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na liliishia hapohapo. Saiti nzima ilimwita Mzee Mikono. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza dereva wa kreni anyanyue, azungushe, ateremshe au asimame. Alifanya hivyo miaka kumi na minane bila kutamka neno. Akinyoosha kidole juu na kukizungusha, tani mbili za nondo zinapaa. Akikunja ngumi, zinatulia hewani. Dereva wa kreni, ambaye pia ni shemeji yake, alipenda kutamba kwamba kwa mikono ya mzee huyu angeweza kutua yai juu ya sahani, na wala hakuwa anatia chumvi sana.

Asichokijua shemeji mtu ni kwamba Mzee Mikono alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alishika mashine ya kubomolea zege kwa miaka saba, masikio wazi. Vizibo vya masikio vilikuwepo stoo, tele, lakini ole wake aliyevivaa! "We vipi, unaogopa kelele? Nenda kalee watoto!" Naye hakutaka kuchekwa. Kelele zikamla taratibu. Zilianza kupotea sauti za ndege, zikafuata kengele, mwisho sauti ya mkewe akimwita kutoka jikoni. Mkewe ndiye pekee aliyejua, na alimsihi aseme mpaka akachoka yeye. Jibu lilikuwa lilelile: "Wakijua, unga wangu umemwagika." Basi akajifunza kusoma midomo, na wenzake wakicheka, naye anacheka.

Jengo likapanda hadi ghorofa ya tisa. Kwenye shimo la lifti, dereva hakuweza tena kumwona mtu aliyesimama chini. Injinia, binti asiyependa mzaha kazini, akaleta redio za mkononi.

Mzee Mikono alipoziona, akajitia ukali. "Mikono yangu haiishi chaji!" alisema, na watu wakaangua kicheko, wakampigia makofi. Kila mmoja alikuwa na lake la kuzikataa. Msimamizi alilalamika kwamba zinachelewesha kazi. Mafundi walisema maswali yamekuwa mengi, kama vile wako polisi. Wote waliamini mzee anatetea ufundi wa zamani. Masikini, alikuwa anatetea siri yake.

Injinia hakuyumba. Redio ikaning'inia kifuani kwa mzee. Ilipotetemeka, alijua dereva anaongea, akaisogeza mdomoni na kujibu, "Sawa." Jamani! Siku kumi na moja Mungu alimsitiri.

Siku ya kumi na mbili, fundi wa nondo, baba wa watoto wawili, alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo akifunga waya, na mzee amesimama upande wa pili wa shimo hilohilo, kama kila siku. Redio ikatetemeka. Dereva alikuwa anauliza, "Fundi ametoka? Niteremshe?" Mzee akadhani ameambiwa asubiri. Akajibu, "Sawa."

Alipouona mzigo unashuka, alirusha mikono yote miwili juu. Akapunga, akapunga. Redio ilikuwa hapohapo kifuani, na hata haikumjia akilini, kwa maana mwili wake ulijua mikono tu, na mikono ile hakuna aliyeiona. Mzigo ukatua kwenye mguu wa fundi. Mzee aliona mdomo wa yule bwana umefunguka wazi. Ukelele wenyewe hakuusikia.

Kesho yake waliitwa kikao. Dereva akaapa kwamba aliuliza na akajibiwa. Msimamizi akamgeukia mzee: "Redio ilikuwa inakatakata, siyo?"

Mzee Mikono akatikisa kichwa kukubali.

"Si tulisema!" msimamizi akadakia. Watu wakampiga mzee mgongoni kwa kumpa pole. Redio zikarudishwa kwenye maboksi, zisubiri gari la kuzipeleka zilikotoka. Ilikuwa nafuu kwa kila mtu, isipokuwa injinia aliyebaki amekunja uso, na atakayeshuka shimoni kesho.

Nyumbani chakula kilimshinda. Mkewe aliposikia mkasa wote, akavuta kiti, akakaa mbele yake ili mdomo uonekane vizuri. "Kesho atashuka nani mle?" akamuuliza. Mzee aliona aibu hata kumtazama.

Asubuhi akapiga moyo konde. Akasimama karibu na yale maboksi, mbele ya saiti nzima.

"Redio ni nzima," alisema. "Masikio yangu ndiyo yalikufa, zamani sana. Shemeji aliniuliza, mimi nikajibu nisichokisikia. Mguu wa yule bwana uko mikononi mwangu."

Hakuna aliyempiga mgongoni. Shemeji yake akageuka, akaanza kupanda ngazi za kreni. Injinia akafungua boksi, akatoa redio moja, akamkabidhi mtu mwingine. Mzee akavua kizibao chake cha kung'aa, akakikunja vizuri, akakiacha juu ya tofali.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitali. Fundi alikuwa amelala, mguu umekatwa juu ya kifundo, mkewe kaketi pembeni. Mzee hakukubali kiti. Alieleza yote akiwa amesimama, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Fundi akasema kitu, lakini uso ulikuwa umeelekea ukutani, na midomo haikuonekana.

"Mwanangu, sijasikia," mzee akasema.

Mke wa fundi akainuka, akamkaribia, akapaza sauti mpaka wagonjwa wote wodini wakageuka.

"Anasema ungemwambia tu! Kila siku mlikuwa wote mle. Angesikia badala yako!"