Kiraka cha Mkono Wangu

Harufu ya utomvu wa mbungo uliomwagiwa maji ya ndimu ni kali na chachu, nayo ikiingia puani haitoki upesi. Siku hizi pale sokoni Masasi juisi ya mabungo inauzwa kwa vikombe, watu wanakunywa wakilamba midomo, na wajukuu zangu hushangaa kwa nini siigusi. Siinywi ng'o. Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, tunakaa Lisekese, karibu na Masasi, vita vya Maji Maji vimekwisha lakini njaa yake haijaisha, na Mjerumani ametukalia shingoni kwa mkono wa akida wake. Kiangazi hicho kizima niliamka na harufu ile ile, na ilikuwa inatoka kwenye ngozi yangu.

Baba yangu, ambaye majirani walimwita Baba Somoe kwa jina langu, alikuwa amenyunyiziwa yale maji kama wanaume wenzake, akaambiwa risasi za Mjerumani zitayeyuka. Aliwaona ndugu zake wawili wakianguka, akarudi na fundisho moja tu: mwenye nguvu mpishe, na ukiweza kaa upande wake. Basi karani mmoja wa boma alipohamishwa kwenda pwani na kutaka kuuza baiskeli yake kuukuu, Baba alimpa mpira wote aliougema kwenye mibungo ya msituni tangu mvua zilipokatika. Karani alikuwa ameisugua kwa mafuta ya nyonyo ikang'aa utadhani imeshuka melini jana. Tukaipokea kwa vigelegele. Siku ya tatu mafuta yakakauka, tukaona mambo: matairi yamepasuka kila mahali, na gurudumu la nyuma limeshindiliwa matambara ndani. Baba alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mwenye gunia alishafika Lindi.

Hata hivyo Baba aliziba mpira wa ndani kwa viraka, ikatembea, na akida, bwana mmoja wa pwani mwenye kanzu nyeupe na roho nyeusi, akamfanya Baba tarishi wake wa kupeleka barua kutoka Masasi hadi Newala, juu ya uwanda. Barua zenyewe zilikuwa za majina ya wanaume wa kukamatwa wakalime mashamba ya mkonge ya Wazungu, ambako wengi waliokwenda hawakurudi. Akida alimwambia mbele yetu, akicheka, "Maadamu gurudumu lako linazunguka, wewe hukamatwi. Likisimama, na jina lako nitaliandika." Tukajua sote nyumbani kwamba Baba anaponea kwenye magurudumu mawili. Majirani nao wakajua. Akida hawakumweza, kwa hiyo wakawa wanatega miiba njiani na kuifukia kwa vumbi, kila alfajiri mahali papya. Siwalaumu, ni waume zao waliokuwa wanaandikwa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua mwiba wake unamchoma nani.

Ulikuwa unanichoma mimi. Wagema mpira wa kwetu walikuwa na desturi ya kujipaka utomvu mikononi na vifuani, wakaukamulia ndimu ili ugande, kisha wakaubandua na kuuviringa tonge. Vinyweleo hung'oka nao, na kwa tonge la kuuza haidhuru. Kwa kiraka cha baiskeli inadhuru, maana kila kinyweleo kinaacha tundu la kupitisha upepo. Mkono wangu haukuwa na vinyweleo, na Baba aliling'amua hilo mapema mno. Alinikalisha uani, akanipaka kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, akanikamulia ndimu, akanishika nisijikune mpaka utomvu ukauke. Akiubandua nilikuwa naona nyota mchana kweupe. Kinatoka kiraka laini, chembamba, hakina dosari, naye anakiinua kwenye mwanga anasema, "Mwanangu, wewe ndiye fundi wangu." Loo! Siku za mwanzo nilimpenda sana kwa neno hilo.

Lakini ngozi ya mtoto si gome la mti. Baada ya mwezi mkono wa kushoto ukawa vidonda vitupu, akahamia wa kulia. Ndimu juu ya kidonda sina namna ya kukueleza, jaribu mwenyewe. Mama akamwambia, "Baba Somoe, mtoto anaoza huyu." Baba akajibu bila kumtazama, "Wataka mtoto mwenye mikono mizuri asiye na baba?" Mama akanipaka mafuta ya ufuta yaliyobaki, maana mnyororo wa baiskeli ulikuwa unapata fungu lake kwanza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kwetu wazazi walikuwa wawili na kila mmoja alikuwa na kibaba chake cha kuupimia. Nikaanza kumchukia Baba. Nasema wazi, nilimchukia, hata kengele ya ile baiskeli nikiisikia kwa mbali naificha mikono mgongoni.

Asubuhi moja ikaja barua ya haraka, sharti ifike Newala kabla jua halijapinduka. Baba akatoka, hata mashamba ya kijiji hakuyapita, akarudi anaikokota. Mwiba. Nilipomwona tu nikakimbilia ghalani, nikajibanza nyuma ya kilindo cha mtama. "Somoe!" akaita. "Somoe wee!" Mara ya tatu ilikuwa sauti ya kuomba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikauma kidole nisiitike. Nikamsikia Mama, aliyekuwa akitwanga mlangoni pa ghala, akimwambia, "Kaenda kisimani, Baba Somoe." Nikamshukuru Mungu kwamba Mama amekosea. Baba akajipaka mkono wake mwenyewe, ule wenye manyoya tele, akabandua, akabandika, akaondoka.

Kiraka kilishika mpaka chini ya mteremko wa Kitangari, kikaachia. Akaupanda mteremko akisukuma, akafika Newala alasiri. Walimlaza chini wakamchapa kiboko hamsa ishirini, ile ishirini na tano ya Mjerumani, kisha wakamtia kwenye mnyororo mmoja na watu waliokamatwa kwa barua alizozipeleka yeye mwenyewe. Waliteremshwa kwanza hadi kwetu waunganishwe na wengine, nasi tukasimama njiani kuwaona. Watu walicheka. Ndiyo, walicheka, hata wake wa waliofungwa naye. Jirani mmoja akamwambia Mama usoni, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Baba aliitazama mikono yangu, uso hakuutazama, akapita. Msimu uliofuata mtu aliyetoroka akatuletea habari kwamba Baba amezikwa huko huko, kati ya mistari ya mkonge, bila sanda. Mama akakaa eda. Mikono yangu ilikuwa imeshapona.

Miaka mingi nililidhani lile neno la Mama, kwamba nimekwenda kisimani, ni kosa. Alipokuwa mkongwe, amelala hawezi tena kuinuka, nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, siku ile nilikuwa ghalani. Nilimsikia Baba." Alinitazama kwa mshangao, utadhani nimemweleza kwamba jua huchomoza. "Nilikuona ukiingia," akasema. "Kwani kinu nilikihamishia mlangoni kwa nini?" Akageukia ukutani. Hakulia wala hakuniomba radhi, nami sikujua nani amwombe nani. Alichagua kati yetu akiwa na mchi mkononi, kisha akaishi na uchaguzi huo peke yake, akinilisha.

Sasa mjukuu wangu amenunua gari la dizeli lililokwisha choka, kwa mtu wa Newala aliyeapa kwa Mungu kwamba injini ni nzima. Linafuka moshi mweusi, linavuja mafuta, na kila Jumamosi yuko uvunguni mwake anatukana. Namwambia ameuziwa kama baba yangu alivyouziwa, anacheka. Tofauti ipo, nisiseme uongo. Likimfia njiani atapanda basi tu, hakuna wa kumtia mnyororo, na viraka vinauzwa dukani ndani ya kikopo. Jumamosi iliyopita aling'ang'ania nati moja muda mrefu, akashindwa, akamwita binti yake mdogo, "Zuhura! Njoo unishikie hapa! Zuhura!" Mtoto alikuwa miguuni kwangu anamsuka mwanasesere. Akataka kuinuka. Nikamwambia kaa. Nikaondoka mwenyewe na magoti yangu haya mabovu, nikainama, nikaishika ile spana iliyojaa grisi. Mjukuu wangu akashtuka kuona mkono wa kizee.

"Bibi, nimemwita Zuhura."

"Nimekusikia," nikamwambia.